Ke chha khabar? Siku Nane Kathmandu kwa Fedha Kidogo

Siku ya kwanza, Jumatatu

Ndege ya kutoka Doha ilijaa vijana wa Kinepali wanaorudi kwao. Karibu kila mmoja alibeba blanketi nene kwenye mfuko wa plastiki, zawadi ya mama. Mimi mwanamke wa Tanga, na mkoba wangu wa mgongoni, nilipata kiti kando ya kaka mmoja aliyeniuliza natoka wapi. Nilipotaja Tanzania uso ukamng'aa. "Mambo?" akanisalimu. Miaka sita alikuwa akilinda lango moja huko Doha na Wakenya wawili, na hayo ndiyo waliyomfundisha. Nikamjibu poa, kisha nikamwomba na yeye anifundishe ya kwao.

"Ke chha khabar?" akasema. Kuna habari gani?

Nikamwambia arudie. Khabar! Tukaanza kutafuta mengine, na kila tulipopata moja tulicheka kama watoto. Kitabu kwao ni kitab. Kalamu ni kalam. Hesabu, hisab. Jawabu, jawaf. Dunia ni duniya. Maneno haya yamesafiri na wafanyabiashara na makarani, mengine yakashuka pwani kwetu, mengine yakapanda hadi kwenye mabonde ya Himalaya. Safari nzima niliyabeba kama akiba.

Viza nilipata uwanjani hapohapo, dola 30 kwa siku 15. Saa nilisogeza mbele kwa saa mbili na dakika 45, maana Nepal ina saa yake ya pekee: Dar ikiwa saa sita mchana, Kathmandu ni saa tisa kasorobo. Teksi walitaka rupia 900. Rupia moja nilihesabu kuwa kama shilingi 20 zetu, kwa hiyo hiyo ni shilingi 18,000. Yule kaka akanitoa nje ya lango hadi barabara kuu, akazungumza na konda wa basi dogo, na kwa rupia 25 nikafika Ratna Park, kituo cha katikati ya mji. Konda wao hupiga bodi la gari kwa kiganja, mara moja kusimama, mara mbili kuondoka. Nilijisikia nimo kwenye basi la Raskazone, kwetu Tanga.

Kutoka hapo ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu hadi Thamel, mtaa wenye gesti nyingi. Kitanda kwenye bweni la wanawake, rupia 700. Nilivaa soksi mbili na sweta nikalala. Mji uko mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Novemba unauma.

Siku ya pili

Ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye pesa kidogo: amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu Thamel ilikuwa bado imefunga milango, lakini nilipotembea kuelekea kusini nikakuta mji umeshaamka zamani. Wanawake wamebeba masinia madogo ya shaba yenye mchele, maua na unga mwekundu, wakipita hekalu hadi hekalu. Na mahekalu yenyewe hayatafutwi, unagongana nayo. Jiwe moja chini ya ngazi ya duka la simu limepakwa rangi nyekundu na kumwagiwa mchele: hilo nalo ni mahali pa ibada, na mwenye duka huliruka kwa heshima kila anapoingia.

Mahali paitwapo Bangemudha kuna gogo ukutani lililopigiliwa misumari na sarafu hadi mbao haionekani. Mwenye maumivu ya jino hupigilia sarafu akimwomba mungu wa meno. Pembeni yake, pande zote za mtaa, kuna madaktari wa meno wameweka meno ya bandia dirishani. Nilisimama pale muda mrefu. Hakuna tiketi, hakuna kiongozi wa watalii, na ni moja ya vitu vilivyonikaa zaidi.

Halafu Asan. Njia sita hukutana kwenye uwanja mmoja mdogo, na kwa karne nyingi misafara ya biashara kati ya India na Tibet ilipita hapa. Bado ni soko la wenyeji. Marundo ya manjano, pilipili kavu, dagaa waliokaushwa, jibini ya maziwa ya yaki (ng'ombe wa milimani) ngumu kama mawe, sufuria za shaba zinazouzwa kwa uzito. Binzari nyembamba wanaiita jira, kama tuiitavyo baadhi yetu pwani. Hamali hupita wameinama, mzigo mgongoni, mshipi ukiushikilia kutoka kipajini. Nilimpisha mmoja aliyebeba friji. Katikati ya yote ni hekalu la Annapurna, mungu wa kike wa shibe, na anayeabudiwa ndani yake ni chombo cha fedha, siyo sanamu. Wauzaji hugusa kengele kabla ya kufungua vikapu.

Mbele kidogo ni Indra Chowk, na nyuma yake vichochoro vya wauza shanga. Nilishangaa kumwona mzee mwenye kofia na ndevu nyeupe, nikatoa salamu: "Assalamu alaykum." Akanyanyuka kabisa kunijibu. Biashara hii ya shanga kwa desturi iko mikononi mwa familia za Kiislamu, ambazo mababu wengi walikuja kutoka Kashmir. "Beti, baitho," akaniambia. Binti, keti. Mke wa Kihindu wa Nepal huvaa mikufu ya pote, nyuzi nyingi za shanga ndogo za kioo, nyekundu au kijani. Nikamwambia kwetu shanga ni jambo la ndani, la mwanamke na mumewe na kungwi wake. Alitikisa kichwa kwa adabu, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za mvua. Nilinunua mkufu wa kijani kwa rupia 300 bila kuvutana sana.

Chakula kilinihangaisha akilini kabla sijafika, kwa sababu ya nyama. Kumbe jawabu ni jepesi: dal bhat. Wali, mchuzi wa dengu, mboga za majani, viazi, achari. Rupia 250 kwenye mkahawa wenye meza nne, na ukimaliza mama anakuja na pawa kukuongeza bila kuuliza bei nyingine. Unakula kwa mkono wa kulia. Nilikula hivyo karibu kila mchana na sikuchoka.

Siku ya tatu

Basantapur, uwanja wa kasri la wafalme wa zamani. Mgeni hulipa rupia 1,000. Shilingi 20,000 kwa uwanja ambao wenyeji hupita wakienda sokoni! Pale bwenini kulikuwa na wasafiri wawili waliojisifu kuwa wamepenya kwa kichochoro bila kulipa. Mimi nililipa, na ningelipa tena. Nitaeleza kwa nini.

Tarehe 25 Aprili 2015, kabla kidogo ya saa sita mchana, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliua watu karibu 9,000 nchini Nepal. Hapa uwanjani mahekalu yalianguka yakawa vifusi. Lililouma zaidi ni Kasthamandap, banda kubwa la mbao ambalo mji umepata jina lake kwalo. Walikuwamo watu wakichangia damu siku hiyo. Leo limesimama tena. Lilijengwa upya kwa mbao, matofali na udongo, kwa namna ya kale, wakazi wenyewe wakishikilia kwamba lisijengwe kwa zege, na likakamilika mwaka 2022. Niliingia nikaweka kiganja kwenye nguzo moja nene.

Nilikumbuka Beit al-Ajaib, jumba letu la kale la Unguja. Sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pale Forodhani, na kuua watu wawili, haikuhitaji tetemeko, kulitosha kuchakaa. Sisi watu wa milango ya nakshi tunajua mbao iliyochongwa inabeba nini. Madirisha ya Basantapur ni ndugu wa milango ya Mji Mkongwe: maua, minyororo, wanyama, jasho la fundi ambaye jina lake halikuandikwa. Kulipa rupia 1,000 ili fundi mwingine apate patasi na kazi, kwangu siyo hasara. Na ukienda ofisi yao na pasipoti wanakuongezea muda wa tiketi hadi viza yako iishe, bila malipo. Nilirudi mara nne kwa tiketi ileile.

Nyumba ya Kumari, iliyojengwa 1757, iko upande wa kusini wa uwanja. Kumari ni mtoto wa kike wa ukoo wa Shakya, familia za Kibudha za Wanewari, wenyeji wa asili wa bonde hili, ambaye Wahindu na Wabudha wote humheshimu kama mungu aliye hai mpaka atakapovunja ungo. Tuliingia ua wa ndani, mlinzi akatuambia tufiche simu. Baada ya dakika kumi uso mdogo wenye wanja mrefu ulitokea dirishani, ukatutazama, ukaondoka. Nilimwona mtoto. Sijui wengine waliona nini, maana mama mmoja kando yangu alikuwa analia.

Siku ya nne

Nilipanda basi lisilo lake. Vibao vyote vimeandikwa kwa herufi zao, za Kidevanagari, na tarakimu pia, kwa hiyo hata namba hazisaidii. Nilijua nimepotea tulipoanza kuona mashamba ya koliflawa. Mwanafunzi mmoja akanishusha, akanivusha barabara, akanisubirisha gari la kurudi, na wakati tunasubiri akanifundisha tarakimu kwa kuziandika vumbini. Moja yao ina kichwa cha duara na mkia, kama tisa yetu. Aliniita didi, dada mkubwa. Hapa kila mtu ni ndugu kwa umri: dai kaka, bhai mdogo wangu wa kiume, bahini wa kike, aama mama. Sikuhitaji kufundishwa hilo.

Alasiri nilipanda kilima cha Swayambhu, ngazi 365 zilizo wima kama ukuta. Tiketi rupia 200. Nyani wanazunguka kila mahali. Mmoja alinipokonya chungwa mkononi na kulimenya vizuri mbele yangu. Hadithi ya kale inasema bonde hili lote lilikuwa ziwa, likiwa na ua moja la yungiyungi linalong'aa, hadi Manjushri, mtakatifu wa Kibudha, alipopasua mlima kwa upanga mahali paitwapo Chobhar na maji yakatoka. Wanajiolojia nao wanakubali kwamba kulikuwa na ziwa.

Juu kabisa, kwenye mnara uliopakwa dhahabu, kila upande umechorwa macho mawili yanayotazama bonde, na chini yake mahali pa pua pana mkunjo. Niliutazama, nikacheka peke yangu. Ni ile moja ya vumbini, tarakimu ya mwanafunzi! Moja, kwa maana ya umoja.

Siku ya tano

Tumbo. Jana jioni nilikula pani puri mtaani, zile puri ndogo zinazojazwa viazi na maji ya ukwaju, na maji ndiyo yaliyonikamata. Nililala mchana kutwa. Mfamasia alinipa Jeevan Jal, unga wa kuchanganya na maji kwa mwenye kuharisha. Jina lake maana yake ni maji ya uhai. Tangu hapo nilikunywa chai tu, chiya, ya maziwa na tangawizi, rupia 30 kikombe.

Siku ya sita, Jumamosi

Jumamosi ndiyo siku yao ya mapumziko. Nilikwenda Patan, mji pacha ng'ambo ya mto Bagmati, kwa safa tempo, kibajaji kirefu cha umeme kinachobeba abiria kumi hivi. Madereva wengi ni wanawake. Wangu alikuwa na miwani na sari, akipenya katikati ya pikipiki bila kupiga honi hata mara moja.

Uwanja wa Patan nao ni rupia 1,000, na kati ya viwanja vitatu vya kifalme vya bonde hili ndio mzuri kuliko vyote kwa jicho langu. Hekalu la Krishna la mwaka 1637 limejengwa kwa jiwe tupu kuanzia chini hadi juu. Lakini nilikaa zaidi kwenye Manga Hiti, shimo lenye ngazi ambako maji hutoka kwenye midomo mitatu ya mawe iliyochongwa kama mamba. Limekuwapo tangu karne ya 6. Na bado linatoka! Wanawake walikuwa kwenye foleni na madumu ya njano, wanaoshana, wanasengenya, watoto wanateleza. Yeyote aliyekua anapanga dumu bombani anajua ukoo wa mazungumzo yale hata bila kuelewa neno.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa ngazini akaniambia tetemeko la 2015 lilitokea Jumamosi kama leo. "Shule zilikuwa zimefungwa," akasema. Akanionyesha kwa kidole paa la darasa lake la zamani lilipokuwa. Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Katika hekalu la dhahabu la Wabudha, liitwalo Kwa Bahal, huingii uwanja wa chini na kitu chochote cha ngozi. Nikavua mkanda na viatu. Kuhani wake mkuu ni mvulana asiyefika miaka kumi na miwili, anahudumu siku thelathini, kisha anashika mwingine. Kobe wazee wanatembea uani taratibu.

Mitaa ya nyuma inalia nyundo. Patan ni mji wa wafua shaba. Fundi hutengeneza sanamu ya nta kwanza, hata kucha za vidole, kisha anaifunika kwa udongo uliochanganywa na samadi na makapi ya mpunga, anaichoma nta iyeyuke itoke, ndipo anamimina shaba kwenye utupu uliobaki. Ukungu wa udongo unavunjwa, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zilizo sawa. Katika karne ya 13 fundi wa bonde hili, Arniko, aliitwa hadi China kwenye jumba la mfalme Kublai Khan, na stupa nyeupe (kuba la ibada la Kibudha) aliyojenga Beijing ingali imesimama. Kijana niliyemkuta akipiga msasa kidole cha mungu aliniambia anafanya kidole hicho kwa siku ya pili.

Siku ya saba

Bhaktapur, mji mwingine wa kale, ni kilomita 13 mashariki. Basi kutoka Bagbazar, saa nzima kwa sababu ya foleni. Tiketi ya mji ni rupia 1,800, ghali kuliko zote, kwa hiyo niliamua kulala hukohuko ili niione alfajiri. Chumba kidogo cha juu kwa rupia 1,200. Ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Nilifika wakati wa mavuno. Viwanja vyote vya mji, hata mbele ya mahekalu, vimeanikwa mpunga. Wanawake wenye sari nyeusi za mpaka mwekundu wanapepeta kwa ungo, ungo kabisa, wa mianzi, wakiinua mikono upepo uchukue makapi. Nilisimama nikashindwa kuondoka. Bibi yangu wa Pangani alikuwa na mkono uleule: kupiga mara mbili, kutikisa, kupuliza. Mama mmoja aliniona, akanipa ungo wake. Nilipepeta. Wakacheka wote, siyo kwa dharau, kwa kuona naweza.

Kisha akanitolea bakuli la chiura, mchele uliotwangwa ukawa bapa na mkavu. Pepeta! Ile ya nyumbani, ya mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa, tunayokula na nazi na sukari. Hawa wanaila na maharage ya soya, tangawizi mbichi na achari. Nilijaribu kumweleza kwa mikono kuhusu nazi. Aliniita chhori, binti, akanifungia konzi mbili kwenye karatasi.

Nyatapola, hekalu refu la hapa, ina paa tano na urefu wa mita 30 hivi, ilijengwa 1702 na mfalme Bhupatindra Malla. Ngazi zake zinalindwa na wapiganaji wawili wa mieleka, juu yao tembo, juu yao simba, juu yao wanyama wenye mabawa, kisha miungu wawili wa kike. Kila jozi ina nguvu mara kumi ya iliyo chini yake. Tetemeko la 1934 liliiacha, na la 2015 likaiacha. Watoto wa shule huchezea tembo wake.

Jioni, juju dhau, mtindi wa kifalme. Unagandishwa kwenye chungu cha udongo kinachonyonya maji, ndiyo maana ni mzito hadi unakatika kwa kijiko, mtamu, na una harufu ya hiliki. Kilichonivutia ni kwamba vyungu vyenyewe vinafinyangwa mtaa wa chini, kwenye uwanja wa wafinyanzi, ambako vinaanikwa kwa mamia juani na kuchomwa chini ya majani makavu na majivu.

Siku ya nane

Alfajiri ukungu ulishuka hadi kwenye paa. Kengele, kikohozi, fagio. Jua lilipotoka, mbali kaskazini milima ikaonekana, myeupe, juu kuliko nilivyokuwa natafuta. Nilikuwa nikiangalia chini mno.

Mchana nilikuwa Pashupatinath, rupia 1,000. Hekalu kuu haliruhusiwi kwa asiye Mhindu, nami sikulalamika. Nilikaa ng'ambo ya mto, kwenye ngazi za mawe, nikatazama maiti akioshwa miguu kwa maji ya Bagmati na mwanawe wa kiume akizunguka na moto. Sisi tunazika, wao wanachoma, lakini jinsi yule kijana alivyoshikwa bega na wajomba zake ilikuwa ileile. Wapo waliopiga picha kwa lenzi ndefu. Nawasihi wasafiri wenzangu: msifanye hivyo. Nilimsomea bibi yangu wa Pangani Fatiha, nikaondoka.

Nusu saa kwa miguu ni Boudhanath, rupia 400, stupa kubwa kama kilima cheupe. Mitaa yake ilijaa Watibeti waliokimbia kwao kuanzia 1959. Kilele kiliharibika 2015, kikarekebishwa kwa michango ya waumini na kufunguliwa tena Novemba 2016. Jioni watu hulizunguka kwa kufuata mshale wa saa: watawa, wauza mboga, wazee wenye tasbihi. Tasbihi! Za punje 108. Nilitembea nao mizunguko saba, wakati vitaa vya samli vinawashwa kimoja baada ya kingine.

Hisab ya safari, bila ndege na viza: kama rupia 18,000 kwa siku nane, yaani takribani shilingi 360,000. Karibu theluthi yake ni tiketi, na sijutii hata moja.

Kesho yake, alfajiri

Uwanjani foleni ya kuondoka ilikuwa ya vijana tupu, alama nyekundu kipajini, vitambaa vya baraka shingoni. Mama zao wamebaki nje ya vioo. Aliyeketi kando yangu hakuwa amefika hata miaka ishirini na mitatu; ndege yake ya kwanza, kazi ya ulinzi Doha, mkataba wa miaka miwili. Mikono yake ilikuwa haitulii juu ya bahasha ya karatasi zake.

"Ke chha khabar?" nikamuuliza.

Akanigeukia ghafla. Nikamwambia huko aendako atakutana na Wakenya, pengine na Watanzania, na kwamba neno lake la kwanza tayari analo. Akafungua kalamu, akageuza bahasha, akaandika kwa herufi zake huku akitamka polepole baada yangu: ha-ba-ri.